Linux Nyepesi, Lakini kwa Nani? Somo kwa Waliokwishaizoea

Simu iliita saa mbili usiku nikiwa kwenye foleni ya chakula. Alikuwa ni mwalimu wa taaluma wa shule niliyofanyia TP mwaka jana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Ile kompyuta yako imegoma kuwaka."

Aliiita "yako" ingawa ni mali ya shule, na alikuwa na haki. Nilipofika pale nilikuta kompyuta nne za mezani, kila moja ina RAM ya gigabaiti 2, na Windows iliyomo inachukua muda wa kutosha mtu kwenda kunywa chai na kurudi. Nikajiona mkombozi. Nikaziwekea Linux ileile niliyokuwa natumia mimi hosteli: distro ya masasisho yasiyokoma, haina menyu, haina picha ndogo za kubonyeza, kila kitu kwa kibodi. Ikitulia ilikuwa inakula chini ya megabaiti 200. Walimu walishangaa kwa kasi yake. Nikawaandikia amri muhimu kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, nikaaga.

Miezi miwili baadaye mwalimu mmoja akaunganisha intaneti ya simu yake, akaandika amri ya kusasisha kama karatasi ilivyosema, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Kerneli mpya ilikuwa imewekwa nusu. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na mtihani wa Kidato cha Pili wa kesho yake asubuhi. Mimi niko chuoni, safari ya siku nzima kwa basi. Kesho yake walimu waliandika maswali ubaoni, wanafunzi wakanakili kwanza ndipo wakajibu. Muda wa mtihani uliishia kwenye kunakili.

Hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Kuna maelezo mengi ya Linux kwa wanaoanza. Sisi tuliokwishazoea tunaambiwa tu "chagua unayoipenda", na hapo ndipo tunapokosea.

Malengo ya somo

Kwa kuwa nasomea ualimu, siwezi kuanza bila malengo mahususi. Mwisho wa somo hili msomaji aweze: (1) kueleza uzito wa mfumo unatoka wapi; (2) kuchagua distro nyepesi kwa kujibu maswali manne; (3) kueleza kwa nini distro inayomfaa yeye inaweza kumuumiza mwenzake. Nachukulia kwamba terminali huiogopi, umeshagawa diski kwa mkono wako, na umeshaharibu mfumo angalau mara moja ukautengeneza.

Uzito uko wapi?

Distro zote zinatumia kerneli moja, ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21. Umri wetu kabisa. Tofauti ya uzito haitoki kwenye kerneli, inatoka kwenye vitu vinavyopangwa juu yake: eneokazi, huduma zinazojiwasha zenyewe, na programu unazofungua.

Nilipima kwenye kompyuta mpakato yangu kwa amri ya free -h, mara tu baada ya kuwaka. Debian yenye GNOME ilikula zaidi ya gigabaiti 1. Debian hiyohiyo yenye Xfce ilikula kama megabaiti 500. Nilipoweka IceWM peke yake ikashuka karibu na 250. Sikubadilisha distro hata mara moja! Nilibadilisha kilichokaa juu yake tu.

Halafu nikafungua kivinjari: ukurasa wa matokeo, barua pepe, video moja ya mhadhara. Megabaiti zote nilizookoa zikaondoka kabla video haijafika dakika ya pili. Kwa hiyo unaposikia mtu anajisifu kwamba distro yake inawaka kwa megabaiti 90, muulize anafanya nayo nini baada ya kuwaka. Aliyebeba gunia la mahindi hapunguzi mzigo kwa kuvua kofia.

Maswali manne kabla ya kupakua chochote

Swali la kwanza: prosesa yako ni ya biti ngapi? Andika lscpu, usome mstari wa pili. Kama inaonyesha 32 pekee, kama zile kompyuta ndogo zenye Intel Atom N270 za mwaka 2008, orodha yako imeshakuwa fupi. Arch iliacha biti 32 mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Lakini usikimbilie kusema mashine ni ya zamani hivyo ni ya biti 32. Core 2 Duo nyingi zilizozagaa mitaani ni za biti 64.

Swali la pili: bando lako likoje? Distro za masasisho yasiyokoma, kama Arch na Void, hazina matoleo. Kila wiki kuna kipya, na ukikaa miezi bila kusasisha, siku ukirudi unakuta mzigo mkubwa na mara nyingine migongano ya kutatua kwa mkono. Kwa mwenye intaneti ya uhakika hilo ni jambo la kawaida. Kwa anayenunua bando la siku ni gharama inayorudi kila mwezi. Debian toleo imara hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, na katikati hupokea hasa marekebisho ya usalama na makosa makubwa.

Tena kuna mbinu ya watu wa hosteli moja: mmoja anaandika apt-get upgrade -d, vifurushi vinashushwa bila kusakinishwa na kukaa kwenye /var/cache/apt/archives. Wenye toleo lilelile wananakili kwa flashi. Bando la mmoja linahudumia chumba kizima.

Swali la tatu: unahitaji programu gani hasa? Alpine ni nyepesi ajabu, lakini inatumia maktaba ya musl badala ya glibc ambayo distro nyingi zinaitumia. Programu iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya glibc inaweza kukataa kabisa kuwaka humo. Kama kozi yako inadai programu fulani ambayo mtengenezaji anatoa faili lililokamilika tu, ulizia hilo mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Swali la nne, ambalo mimi sikujiuliza: siku ikiharibika, nani atakuwa fundi? Kama ni wewe, na mashine iko mezani kwako, una uhuru wote. Kama ni mama dukani, mdogo wako nyumbani, au mwalimu wa taaluma aliye mbali na wewe, basi wepesi unaotafuta ni ule wa kutengenezeka.

Tuzipitie distro zenyewe

Debian bila mapambo. Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, naye akiwa mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Wengi wanaiona nzito kwa sababu wanakubali kila kinachopendekezwa. Tumia kisakinishi kidogo cha mtandao, kikifika kwenye orodha ya eneokazi ondoa alama zote, kisha jenga mwenyewe kwa apt install --no-install-recommends. Utaweka unachokitaka tu, na ghala lake lina vifurushi zaidi ya 60,000. Kwangu mimi hili ndilo jibu la kwanza kwa mtu mzoefu, labda awe na sababu ya kulikataa.

antiX. Imejengwa juu ya Debian, haitumii systemd, na inakuja na IceWM ikiwa imeshapangwa vizuri. Toleo la 23 lina picha ya biti 32, kwa hiyo zile Atom bado zina pa kwenda. Ukitaka Debian iliyopunguzwa na mtu mwingine kabla yako, ichukue.

Void. Inatumia runit kuwasha huduma, nayo ni rahisi kuielewa: kila huduma ni folda, kuiwasha ni kuunganisha kiungo, kuizima ni kukiondoa. Inawaka haraka. Ni distro nzuri ya kujifunzia mfumo unavyofanya kazi. Hata hivyo rudi kwenye swali la bando.

Arch. Watu huisifia kwa wepesi, lakini wepesi wake ni ule wa chumba kitupu, unaongeza mwenyewe. Ukiongeza GNOME, umepata GNOME. Nguvu yake ni maandiko yake, ambayo nayasoma hata nikiwa natumia Debian.

Puppy. Barry Kauler wa Australia aliianza mwaka 2003. Inajipakia yote kwenye RAM, kwa hiyo hata diski ikiwa mbovu inakimbia. Mtumiaji wake wa kawaida ni root, hivyo siipendekezi kuwa mfumo wa kila siku wa watu wengi. Lakini flashi yenye Puppy haikosekani kwenye begi langu. Ni sanduku la huduma ya kwanza.

Kabla hujahama distro

Wakati mwingine mgonjwa si distro. Jaribu kwanza hivi. Sakinisha zram-tools, itatumia sehemu ya RAM kama swapu iliyobanwa, na kwenye gigabaiti 2 utaona tofauti ukiwa na kurasa kadhaa wazi. Andika systemd-analyze blame, uone huduma gani inachelewesha kuwaka, uzime usizozitumia. Kama una mashine isiyo na printa wala bluetooth, huduma zake zinafanya nini humo?

Na kama bumu limeingia, jaribu kupata SSD ndogo badala ya diski ya kuzunguka, hata iliyotumika. Hakuna distro itakayokupa kasi ambayo SSD itakupa. Nimehama distro mara saba mwaka wa kwanza nikitafuta kasi, na kumbe niliyekuwa namlaumu siye.

Nilivyorekebisha kosa langu

Likizo ilipofika nilipanda basi nikaenda. Niliwasha ile mashine kwa flashi ya Puppy, nikautoa mtihani, ukiwa umeshapitwa na wakati. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniambia, "Haya, mwalimu, safari hii tufundishe na sisi." Ningependelea angenigombeza.

Safari hii niliweka Debian yenye Xfce. Inakula RAM mara mbili na zaidi ya ile ya kwanza, na niliikubali gharama hiyo, kwa sababu kuna menyu, kuna picha za kubonyeza, na mgeni anaelewa ndani ya dakika tano. Nilitenga /home kwenye sehemu yake ya diski, ili mfumo ukifa kazi za walimu zibaki. Na jambo kubwa zaidi: Debian ikisasisha kerneli huiacha ya zamani mahali pake. Umeme ukikatika katikati, unawasha, unaingia kwenye menyu ya mwanzo, unachagua ile ya zamani, unaendelea. Kule kwenye mfumo wangu wa kwanza kerneli ilikuwa moja tu, mpya ikichukua nafasi ya ya zamani. Niliujua ukweli huo kitambo. Sikuufikiria kwa sababu mimi ninayo flashi na wao hawana.

Niliwafundisha walimu wawili kufanya hivyo mbele yangu. Nilizima mashine kwa makusudi, kila mmoja akaiwasha kwa kerneli ya zamani mwenyewe, mara mbili. Kusasisha tumekubaliana kufanyike mchana, umeme ukiwa umetulia. Karatasi ya ukutani niliibandua. Flashi ya Puppy nikaacha kwenye droo ya ofisi ya taaluma.

Zoezi

1. Pima free -h kabla na baada ya kufungua kivinjari chako kwa kazi ya kawaida. Andika tofauti. Je, distro nyingine ingeipunguza, au unahitaji RAM?

2. Kata umeme (au toa betri) kwenye mashine ya majaribio katikati ya masasisho. Unaweza kurudi bila intaneti? Ilikuchukua muda gani?

3. Chagua mtu mmoja utakayemwekea Linux mwaka huu. Jibu maswali manne kwa niaba yake, si kwa niaba yako, kisha linganisha na distro unayotumia wewe. Kama majibu yamelingana kabisa, rudia swali la nne.

Wiki iliyopita mwalimu wa taaluma alinipigia tena. Nilipoiona namba yake tumbo liliniunguruma. Kumbe alitaka kujua namna ya kuongeza kurasa za jedwali kwenye LibreOffice. "Ile kompyuta yetu haina tatizo," alisema. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili mwezi ule, na hakuna aliyekumbuka kunitafuta.