KUUSOMA MTO KABLA YA KUUSHUKA

Atazamaye mto kutoka darajani huona maji tu, bali asafiriye juu yake hana budi kuyasoma. Somo hili laonekana wazi katika mto Abbay wa Ethiopia, uitwao pia Naili ya Buluu. Mto huu hutoka ziwa Tana, lililo kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ukaanguka katika maporomoko ya Tis Issat, kisha ukapita katika korongo ambalo mahali pengine kina chake chazidi mita 1,000. Mjini Khartoum hukutana na Naili Nyeupe.

Mwaka 1968 wanajeshi wa Uingereza na wenzao Waethiopia, wakiongozwa na John Blashford-Snell, waliushuka mto huo wakati wa mvua. Askari mmoja alikufa maji alipokuwa akivuka tawi la mto.

Mashua za mpira zilitumika katika safari hiyo. Mashua ya namna hii hujazwa upepo katika vyumba mbalimbali. Kimoja kikitoboka, vingine huiwezesha kuelea. Ikigonga jabali hubonyea na kurudi, hali ya mbao ingevunjika.

Lakini chombo chema hakitoshi. Kabla ya kuingia penye maji makali, nahodha hushuka ukingoni akatazama kwa miguu. Maji laini yakijikusanya kama ncha ielekeayo chini, hapo ndipo penye njia. Ncha ikielekea juu, kuna jiwe lililofichika. Hatari kubwa zaidi ni maji yajipinduayo nyuma ya jabali, kwani huweza kumshika mtu asitoke. Pasipopitika, mashua huchukuliwa mabegani, wala si aibu.

Pasquale Scaturro na Gordon Brown walianza safari mwishoni mwa mwaka 2003, wakapita Ethiopia, Sudan na Misri. Tarehe 28 Aprili 2004 walifika bahari ya Mediterania, penye mji wa Alexandria.

Mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa katika mto huo, karibu na mpaka wa Sudan, likafunguliwa rasmi Septemba 2025. Njia yao sasa imezibwa kwa ukuta wa zege, na sehemu ya korongo imekuwa ziwa. Basi hata aliyeujua mto jana, leo yampasa kuusoma tena.