Kuogelea ndivani: marufuku hii ni halali?

SWALI: Mimi ni kijana wa Ngujini. Kamati ya maji imetukataza kuogelea kwenye ndiva, bwawa letu la maji ya umwagiliaji; ukikamatwa, faini. Ng'ombe wanakunywa humo humo kila jioni, hakuna anayewagusa. Hii ni haki?

JIBU: Kwenye ng'ombe una hoja, wajengewe birika nje. Lakini ndiva si bwawa la kuogelea. Hujazwa usiku, asubuhi tundu linazibuliwa maji yashuke mferejini. Aliye karibu na tundu wakati huo huvutwa, na tope la chini halina pa kukanyaga. Kisha kuna kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi, hasa jua likiwa kali, saa ile ile mnayopenda kujitosa. Na kichocho cha watu hakiletwi na ng'ombe. Huletwa na mtu anayejisaidia majini (mnajuana).

Faini ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya kijiji, si kamati peke yake, na lazima iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba kuisoma. Kama haipo, hudaiwi kitu. Kama ipo, lipa, udai stakabadhi, na hoja ya birika uipeleke mkutano mkuu wa kijiji.