Mpe Bibi Penseli Kabla ya Kumpa Mchapaji Pesa

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma. Mama anatimiza miaka 70 Desemba, mnataka kumpa kitabu cha picha za familia, kilichochapwa vizuri, chenye kava gumu, na unaniuliza programu gani ya simu inafaa na wapi wanachapa kwa bei ya kueleweka. Nitakujibu. Ila hayo ndiyo mepesi, na kwa kuwa karibu kila anayeniuliza jambo hili anaanzia hapohapo, leo acha niseme nanyi wote.

Sisi picha huwa tunazitafuta msibani. Mtu amefariki usiku, alfajiri kundi la familia linaulizana nani ana picha nzuri ya baba, na inayopatikana ni ile ya kitambulisho cha mpiga kura, au ya harusi ya watu wengine, imekatwa pembeni na bega la jirani limebaki. Ndiyo hiyo inayokuzwa, inawekwa fremu, inatangulia mbele ya jeneza. Mzee aliyeishi miaka 80 anaagwa kwa picha aliyopigwa akiwa amekasirishwa na foleni. Kwa hiyo hongera, umeanza mama akiwa mzima na ana nguvu za kubishana nawe kuhusu picha ipi iingie.

Anza na sanduku, simu baadaye. Picha za simu zina tarehe, na waliomo mnawajua. Zile za kwenye bahasha ya kaki chini ya nguo za bibi zinategemea kumbukumbu ya mtu mmoja au wawili. Shangazi yako akiondoka, yule kijana wa suruali pana aliyesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi atabaki kijana tu, hana jina wala ukoo.

Nenda ukakae na bibi au shangazi, washa kinasa sauti cha simu, mpe picha moja moja mkononi. Usimuulize mwaka, mwaka atakukisia ili kukuridhisha. Muulize ilikuwa kabla ya Uhuru au baada. Kabla ya Azimio la Arusha? Mlikuwa mmeshahamishiwa kijiji cha Ujamaa? Mjomba alikuwa amerudi vitani Uganda? Wazee wetu wanahesabu kwa mambo yaliyowapata, nawe ukijua kwamba Uhuru wa Tanganyika ulikuwa Desemba 1961, Azimio 1967, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, na mvua za El Niño 1997 kuelekea 1998, utaupata mwaka bila kumsumbua. Halafu muulize maswali ya pembeni: nani alikuwa ameshika kamera? Hilo gauni la nani? Mbona huyu kanuna? Hapo ndipo habari zinapotoka. Utasikia viatu vya bwana harusi viliazimwa kwa mwalimu mkuu, na kwamba redio iliyo mezani ilikuwa mali ya studio.

Geuza na upande wa nyuma. Picha nyingi za studio zina mhuri, na mhuri unakupa mji. Ukikuta wa Capital Art Studio, hiyo ni Zanzibar, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukikuta wa Parekh, babu alipita Mombasa, hata kama hakuna aliyewahi kukuambia. Tarehe ile ya rangi ya chungwa kwenye kona ya picha za miaka ya 90 usiiamini sana, kamera nyingi hazikuwahi kuwekewa saa sawasawa. Ukitaka kuandika majina nyuma, tumia penseli laini, usikandamize. Kalamu ya wino huacha mfinyo unaotokea mbele, na wino wenyewe unaweza kuhamia kwenye picha ya jirani yake.

Za rangi ndizo za kukimbilia kwanza. Watu wanadhani picha za zamani zaidi, nyeusi na nyeupe, ndizo ziko hatarini. Nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri inadumu sana. Zile za rangi za miaka ya 70 na 80 ndizo zinazokufa hata zikiwa gizani ndani ya albamu, kwa sababu rangi yake ya samawati hufifia mapema kuliko nyingine, nyuso zote zikabaki nyekundu. Na kama ziko kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni juu, gundi nayo inafanya kazi yake polepole. Zikikataa kubanduka, usizilazimishe. Skani ukurasa mzima. Vivyo hivyo picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu, jambo la kawaida kwetu wa pwani kwa sababu ya unyevu: iache hapo, iskani ikiwa na kioo chake.

Skana ya stesheneri inatosha. Mwambie kijana aweke nukta 600 kwa inchi, maana wengi huacha 200 inayotosha vyeti na barua. Usipopata skana, simu nzuri inaweza: weka picha mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, zima flashi, shika simu sambamba na meza.

Kwa picha za ndugu walio mbali, najua utaandika kwenye kundi la WhatsApp na zitamiminika. Shida ni kwamba picha ikitumwa kule kwa kawaida hubanwa, upande wake mrefu ukabaki kama pikseli 1,600. Kwa chapa safi ya nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na kitu. Ukiitandaza ukurasa mzima wa A4, unaotaka pikseli kama 3,500 kwa urefu, mama ataonekana amepigwa picha kwenye ukungu. Waombe watume kama dokumenti, sio kama picha. Kaka yako wa Muscat atasema hajui kufanya hivyo, mpigie umwelekeze.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hukuniuliza, nami najua linakuja. Nani anaingia kwenye kitabu?

Kila familia ina mtu aliyekatwa kwa mkasi. Unafungua albamu unakuta mama kasimama peke yake, na begani kwake kuna vidole vinne vya mwanamume. Usifanye ujanja wa programu wa kuvifuta, na usimtafute mwenye vidole kwenye nakala nyingine ili umrudishe. Picha ni ya mama, mkasi ulikuwa wake. Muulize kama anaitaka kitabuni ilivyo, au aiache. Na kwa watoto wa baba waliozaliwa nje, msimamo wangu ni mkali kidogo: kama kitabu ni cha ukoo mzima, nao wamo, kwa majina yao kamili, bila maelezo ya kujikanyaga. Kama ni zawadi ya mama, mama ndiye mwenye neno. Mnachokosea wengi ni kuchanganya hivyo viwili, mkaanza na zawadi ya mama, mkaishia na kitabu cha ukoo kwa sababu wajomba wamechanga.

Kuna na suala la hijabu. Picha za hina, singo na sherehe za ndani zilipigwa kwa macho ya wanawake. Shangazi aliyepigwa akiwa nywele wazi mwaka 1985 hakukubali kuwekwa kwenye meza ya sebuleni ambako wakwe na vijana watapita. Mwulize mwenyewe, hata kama picha ni yako. Akikataa, usimbembeleze. Akiwa ameshafariki, waulize binti zake, na mkiwa na shaka iacheni.

Ukishamaliza hayo, punguza. Picha 60 zilizochaguliwa zinamshinda mtu mzima kuzimaliza kwa kikao kimoja, kwa sababu kila moja ina hadithi. Picha 400 atazipitisha kidole tu. Sherehe moja isichukue zaidi ya kurasa mbili, hata kama ndiyo iliyokugharimu. Na chini ya picha usiandike "Kumbukumbu tamu". Andika kitu: "Mjomba mkubwa, stesheni ya Tanga, anarudi kazini Arusha, baada ya vita. Koti ni la babu." Hapo hata mjukuu ambaye bado hajazaliwa atapata pa kushika.

Kuhusu programu, tumia yoyote unayoiweza, Canva inatosha kabisa. Nyuso zikae mbali na mkunjo wa katikati, la sivyo mtu atamezwa na gundi. Acha milimita 3 za ziada kila ukingo kwa ajili ya kukatwa. Kwa kitabu cha kushonwa kwa pini, kurasa zigawanyike kwa nne, kwa hiyo 40 sawa, 42 hapana. Jua pia kwamba chapa hutoka na giza kidogo kuliko kioo cha simu, ongeza mwanga kwenye picha zilizopigwa ndani.

Na wapi? Kariakoo utapata, walio Nairobi watapata River Road, Tanga mjini waulize wapiga picha wa harusi wanapeleka wapi kazi zao. Mchapaji wa dijitali atakutolea hata nakala moja. Omba karatasi isiyong'aa, ya gramu 150 au 170; inayong'aa inaonyesha alama za vidole na inamwakia mzee machoni chini ya taa. Mwambie akuonyeshe kitabu alichokwisha kutengeneza, kifungue katikati kabisa, kibonyeze. Kurasa zikilia na kuachia, aga kwa heshima uende duka la pili.

Chapisha kimoja tu kwanza, cha majaribio, na kipeleke kwa bibi na shangazi wiki chache kabla ya siku yenyewe, pamoja na penseli. Watakichafua. Watakuambia huyu si mjomba, ni pacha wake, na kwamba nyumba ile ilikuwa Pangani, si Muheza. Sahihisha, ndipo uchapishe cha mama na vingine viwili vya kukaa nyumba tofauti. Kile kilichochafuliwa usikitupe, kiweke wewe.