WOSIA NA AMANA: MTOTO WA KIKE NAYE NI MTOTO

Sasa unajua kusoma na kuandika. Barua unaandika mwenyewe, na risiti ya kahawa unaisoma bila kumwomba mtu. Lakini je, wosia umeandika? Leo tujifunze jambo hili.

Katika kijiji kimoja nilichofundisha alikuwako mzee mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Tena alikuwa na nyumba ya kupangisha mjini. Alipougua, binti yake mkubwa alirudi nyumbani kumwuguza. Mzee alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hutaondoka hapa mikono mitupu." Aliyasema hayo kwa mdomo, wakiwa wawili tu.

Mzee alipofariki, matanga hayajaisha, wanaume wa ukoo wakagawana kila kitu. Yule binti aliondoka na godoro na sufuria mbili. Nilimsindikiza mpaka stendi. Akaniuliza, "Mwalimu, baba alijua kuandika. Mbona hakuandika?" Sikuwa na jibu.

SHERIA INASEMA NINI?

Kanuni za mila za urithi ziliandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa alikuwa daraja la kwanza. Watoto wengine wa kiume daraja la pili. Mabinti wote daraja la tatu, yaani mwisho. Ardhi ya ukoo mwanamke aliruhusiwa kuitumia tu, asiiuze.

Lakini mambo yalibadilika. Mkoani Kagera, Bibi Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshitaki. Kesi ilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza shamba lake sawa na mwanaume, maana Katiba inakataza ubaguzi.

Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanaume. Mila inayomnyima ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu.

Angalia jambo moja. Bibi yule alikuwa na wosia. Sheria nzuri inasaidia, lakini karatasi ya baba inasaidia haraka zaidi.

WOSIA HUANDIKWAJE?

Kwa kanuni za mila, fuata haya:

1. Andika kwa wino usiofutika. Penseli haifai.
2. Andika tarehe, na useme kuwa akili zako ni timamu na hukushurutishwa.
3. Taja kila mali na kila mtoto kwa jina. Usiandike "watoto wangu" tu.
4. Kama unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili: mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kama hujui, wasipungue wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Hapo unaona faida ya kisomo!
5. Mashahidi wajue kusoma na kuandika. Mrithi asiwe shahidi. Lakini mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie.
6. Weka sahihi yako, na mashahidi waweke zao mbele yako.

Wosia ulioandikwa haufutwi kwa maneno ya mdomo. Ukibadili nia, andika mwingine.

Wosia usiuzike ndani ya sanduku asikokujua mtu. Waweza kuupeleka kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Huko wosia huandikwa na kutunzwa.

AMANA NI NINI?

Jioni moja darasani mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nina watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Shamba nitaligawa. Lakini nyumba yangu ya mjini ni moja. Nitaikata vipande vinne?"

Mama mmoja akadakia, "Mpe kijana mkubwa, atawalea wenzake."

Mzee akacheka. "Mama, nami nililelewa hivyo. Kaka alijilea mwenyewe."

Dawa ya swali hilo ni amana. Katika amana wamo watu wa namna tatu: mwenye mali, mdhamini, na wale wanaofaidi. Mwenye mali anamkabidhi mdhamini mali yake aishike kwa faida ya watoto. Mdhamini anaitunza, lakini si yake. Haruhusiwi kuila wala kuiuza kinyume cha maandishi.

Kwa hiyo yule mzee aweza kuandika: "Nyumba yangu ishikwe na wadhamini wawili. Isiuzwe mpaka mtoto wangu wa mwisho afikishe miaka 18. Kodi igawiwe watoto wote wanne sawasawa, awe ameolewa au hajaolewa."

Tufanye hesabu:

Kodi kwa mwezi: shilingi 60,000
Kodi kwa mwaka: 60,000 × 12 = 720,000
Toa matengenezo: 120,000
Inabaki: 600,000
Gawa kwa watoto 4: kila mmoja 150,000

Fungu la mtoto mdogo hulipa ada na sare. Binti aliyeolewa mbali hupata lake vilevile. Na kijana mkubwa hana sababu ya kusema ameonewa, maana daftari liko wazi.

Wachague wadhamini wawili au watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Waandike mapato na matumizi. Kila mwaka wayasome mbele ya familia nzima. Tulikwisha kujifunza kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA WAISLAMU

Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yake. Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na haupewi mrithi ila warithi wengine wakikubali. Lakini mzazi aweza kumpa binti hiba angali hai, au kuweka wakfu. Mwulize sheikh kabla ya kuandika.

MWISHO

Ndugu msomaji, wengine husema kuandika wosia ni kujitakia kifo. Si kweli. Yule mzee wa darasani aliandika wake. Aliwaita watoto wote wanne, akawasomea mwenyewe kwa sauti, polepole, akifuatisha kidole. Kisha akaenda kupalilia migomba yake. Kalamu unayo. Andika ungali na nguvu.

MASWALI

1. Kwa nini yule binti aliondoka na godoro na sufuria mbili tu?
2. Wosia wa mtu ajuaye kusoma unahitaji mashahidi wangapi?
3. Mdhamini ni nani? Je, mali ya amana ni yake?
4. Kama kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi na matengenezo ni 80,000 kwa mwaka, kila mtoto kati ya wanne atapata kiasi gani?
5. Zungumzeni nyumbani: katika kijiji chenu binti hurithi nini?