SOMO LA MIRADI: Kuchagua Vifungashio vya Manukato ya Nyumbani



Katika toleo hili tunaleta somo kuhusu vifungashio vya manukato yanayotengenezwa na vikundi vya akina mama sharikani. Tunalileta kwa sababu tulikosea. Kikundi kimoja kilichanganya vizuri mafuta ya karafuu na mchaichai ndani ya mafuta ya nazi, kikayatia katika vichupa vya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Baada ya wiki chache vichupa vilififia, vikapata nyufa, na katoni mbili zikalowa. Akina mama walidhani wamekosea kuchanganya. Hawakukosea. Ni sisi ofisini tuliofuta fungu la chupa za kioo katika andiko la mradi ili kupunguza gharama.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo eujenoli, nayo hulainisha na kupasua baadhi ya plastiki. Mafuta ya mchaichai na ya maganda ya machungwa nayo si rafiki wa plastiki. Kwa hiyo chombo cha kuanzia ni kioo, na kioo cha kahawia kinafaa zaidi, maana huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoharibu harufu na kuchachusha mafuta. Kioo cheupe kinapendeza mezani, lakini kikitumika chupa ikae ndani ya boksi. Chupa ijazwe karibu na shingo, kwani hewa inayobaki ndani nayo huharibu mafuta. Iachwe nafasi ndogo tu kwa ajili ya joto.

Kifuniko ndicho husahauliwa. Vile vya kudondosha vyenye mpira vinavutia wateja, ila mpira ukikaa muda mrefu juu ya mafuta makali huvimba na kulegea. Tunashauri kizibo cha ndani chenye tundu dogo, au chupa ya gololi ya mililita 10 kwa manukato ya mafuta. Hapa sharika za milimani ziangalie: mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na gololi haizunguki. Huko mafuta ya alizeti yanafaa zaidi, ingawa huchacha mapema. Kwa manukato ya alkoholi itumike chupa ya kupuliza yenye kichwa cha kuzungusha, ambayo haihitaji mashine ya kubana. Ihifadhiwe mbali na jiko, na lebo iseme kwamba yaliyomo hushika moto.

Tunaulizwa sana kuhusu chupa za dawa zilizokwisha tumika. Harufu ya dawa hung'ang'ania kifuniko kuliko kioo, hivyo vifuniko viwe vipya. Chupa ichemshwe na kukaushwa kabisa, kwa sababu tone la maji hufanya mafuta yawe na ukungu. Hata hivyo hatuzipendekezi kwa bidhaa ya kuuza. Mtoto akiona chupa ya dawa ya kikohozi atainywa.

Lebo ionyeshe jina la bidhaa, ujazo, viungo, tarehe, namba ya toleo na mtengenezaji. Wino wa printa nyingi hutoka ukiguswa na mafuta, basi ifunikwe kwa utepe mpana unaoonya. Usimamizi wa vipodozi, uliokuwa chini ya TFDA, uko TBS tangu 1 Julai 2019, hivyo kikundi kiulize mapema kabla ya kuchapa lebo nyingi. SIDO pia hutoa ushauri wa vifungashio. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Wateja wapewe ya karatasi au kitambaa.

Kwa wahisani: mkiona fungu la chupa limekaribia gharama ya mafuta yenyewe, msidhani ni anasa. Kikundi tulichokitaja kilipoteza mtaji wa msimu mzima kwa kukosa fungu hilo.

Kabla ya kununua chupa kwa wingi, kikundi kijaze tatu. Ya kwanza isimame kabatini, ya pili ilale juu ya karatasi nyeupe, ya tatu ikae dirishani penye jua. Kila moja iwekewe alama ya kalamu mahali mafuta yalipofika. Baada ya wiki nne ziangaliwe: karatasi ina doa? Mafuta yameshuka? Harufu imebadilika? Kamati zitakazotuma maombi robo ijayo zije na chupa hizo tatu ofisini, pamoja na ile karatasi.