Kazi, Biashara na Mradi: Lugha ya Hojaji katika Utafiti wa Jamii Kariakoo

1.0 Utangulizi

Hojaji nyingi za sayansi za jamii huwa na swali linaloonekana jepesi: "Unafanya kazi gani?" Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa Kariakoo na kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, jijini Dar es Salaam, laweza kuharibu data kabla ya uchanganuzi kuanza. Neno kazi lina maana pana kamusini. Hata hivyo, katika matumizi ya mjini mara nyingi hufinywa likawa na maana ya ajira ya mshahara. Muuza mitumba aliyeamka alfajiri aweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba hana kazi, anafanya biashara tu. Mtafiti akiandika "hana kazi" atakuwa ameandika alichosikia, lakini si alichoambiwa.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Jina Kariakoo lenyewe latokana na kazi. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na jina la kikosi chao cha wapagazi kilichopiga kambi hapo likatoholewa kuwa jina la mtaa.

Mpaka baina ya kazi na biashara ndogo ulitiliwa nguvu na sheria. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa. Wakazi wengi wa mjini walioshindwa kuthibitisha hivyo walikamatwa na kupelekwa vijijini. Mwaka huohuo, kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine ililipa neno mlanguzi uzito wa jinai. Kwa hiyo, kujieleza mbele ya mgeni mwenye karatasi na kalamu lilikuwa jambo la hatari, na tahadhari ya namna hiyo haifutiki upesi.

Baadaye neno machinga, ambalo huhusishwa na Wamachinga wa Mkoa wa Lindi, likaenea. Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Hivyo mtu mmoja, kwa shughuli ileile, aliweza kuitwa mzururaji, machinga, na hatimaye mjasiriamali. Takwimu zinazopuuza mabadiliko hayo zitaonyesha ongezeko la wajasiriamali ambalo kwa sehemu ni ongezeko la jina tu.

3.0 Watumishi na Wanafunzi

Tatizo hili haliwahusu wachuuzi peke yao. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Katika kitabu chake cha 1997, Aili Mari Tripp alieleza jinsi kaya za Dar es Salaam zilivyotegemea miradi pindi mshahara ulipokoma kutosha. Kwa mwalimu au muuguzi, basi, kazi ni jambo moja na mradi ni jingine. Akiulizwa kazi yake, hutaja ile iliyo na barua ya ajira, hata kama ada za watoto hulipwa na mradi.

Hali kadhalika, mwanafunzi wa chuo kikuu anayechukua viatu Kariakoo na kuviuza bwenini atajibu kwamba anasoma. Jibu hilo ni la kweli, ila linaficha kinachomwezesha kusoma.

4.0 Msamiati wa Wahusika

Ili kuziba pengo hilo, hojaji haina budi kuanzia kwenye msamiati wa wahusika. Mfano mmoja ni winga, istilahi inayokumbusha mchezaji wa pembeni katika kandanda. Winga humpeleka mnunuzi dukani, au huchukua bidhaa ya duka na kuiuza kwa bei ya juu kidogo. Tofauti hiyo huitwa cha juu. Akiulizwa kama ana duka, atakana. Akiulizwa kama ameajiriwa, atakana pia. Mfano wa pili ni mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa baada ya kuuza. Anayeulizwa kuhusu "mkopo" aweza kufikiria benki pekee na kujibu kwamba hana, ilhali anadaiwa bidhaa zake zote.

Maswali kama "Jana ulipataje fedha?" au "Mali hii ni ya nani mpaka iuzwe?" yangefaa zaidi.

5.0 Hitimisho

Suala hili si la istilahi tu. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kuzinduliwa mwaka 1975. Baada ya janga la namna hiyo, orodha ya wapangaji wa vizimba haiwezi kumwonyesha aliyekuwa na mali kauli ndani, ambaye bidhaa imeteketea lakini deni limebaki. Asiyekuwa na jina katika hojaji ni vigumu kuwamo katika mpango wa fidia. Kwa hiyo yapendekezwa kwamba wanaisimu washirikishwe tangu hojaji inapotungwa, badala ya kuitwa mwishoni kuitafsiri.