SOMO LA TAWI: KURUDI KAZINI CHUONI WAKATI WA MARADHI



Somo hili linahusu vyuo, lakini ndugu wa kiwanda cha chai au wa shamba la miwa asifunue ukurasa mwingine. Linamhusu naye.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Mara shule na vyuo vikafungwa, na baada ya siku chache watu wakaamriwa kubaki majumbani. Vyuo vikuu vilianza kufunguliwa kwa awamu mwezi Oktoba 2020, yaani baada ya miezi saba. Hapa Kigali mazungumzo yote yakawa juu ya wanafunzi: wakae umbali gani darasani, walale wangapi bwenini. Ni haki. Lakini kabla ya mwanafunzi kuingia bwenini, mfagiaji alikwisha kuingia. Mpishi alikwisha kuwasha moto. Mlinzi alisimama langoni, akampokea kila mgeni na kumwelekeza kwenye kandagira ukarabe anawe mikono. Hao walitangulia kurudi, na walikuwa wa mwisho kuulizwa, kama waliulizwa.

Sasa tuangalie tatizo lenyewe. Wafagiaji na walinzi wengi wa vyuo hawakuajiriwa na chuo. Wameajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi. Mwaka ule malalamiko niliyoyasikia mara kwa mara yalikuwa haya: mama anaomba barakoa na glavu kwa msimamizi wa majengo, anajibiwa, "Nyinyi ni watu wa kampuni." Anakwenda kwenye kampuni, anajibiwa, "Mahali ni pa chuo, waulizeni wenyewe." Mwisho anafungua kitambaa chake na kununua kwa fedha ya chakula cha watoto. Waajiri wawili, na hakuna mwajiri hata mmoja!

Jibu lipo, nalo limeandikwa. Ni Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, juu ya usalama na afya kazini. Mwezi Juni 2022 mkutano wa shirika hilo huko Geneva uliuweka mkataba huu miongoni mwa mikataba ya msingi, na kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake, iwe imeuridhia au haijauridhia. Ibara ya 17 inasema kwamba makampuni mawili au zaidi yakifanya kazi mahali pamoja, yashirikiane katika usalama. Kwa hiyo "waulizeni wenyewe" si jibu. Ibara ya 21 inasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Chochote, ndugu. Hata bei ya barakoa moja.

Ibara ya 13 na ya 19 zisomwe pamoja, na polepole, maana wengi huzielewa vibaya. Hazisemi kwamba mwenye hofu abaki nyumbani. Zinasema kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya kweli ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake anaweza kuondoka mahali hapo, na asiadhibiwe isivyo haki. Lakini lazima amwarifu mkubwa wake mara moja. Na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi palepale ikiwa hatari hiyo haijaondolewa. Taarifa itolewe mbele ya shahidi, iandikwe, na nakala apewe mjumbe wa wafanyakazi. Maneno matupu ya mdomoni hukanushwa kesho yake.

Jambo lingine ni dawa zenyewe. Tulipewa javeli, ambayo wengine huiita jiki, bila maelezo. Ikiwa ni ya asilimia 5, kikombe 1 huchanganywa na vikombe 49 vya maji kwa kupangusia meza na vitasa. Kwanza safisha kwa sabuni, kwa sababu uchafu huiua nguvu javeli. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia: hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu, na katika choo kisicho na dirisha mtu anaweza kuanguka. Wala mtu asikubali kunyunyiziwa dawa hiyo mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikataza jambo hilo mwezi Mei 2020.

Baadaye ilieleweka wazi kwamba korona hupita sana hewani. Kwa hiyo ndoo ya maji haitoshi. Dai madirisha yafunguke jikoni, stoo na katika chumba cha walinzi. Dirisha halina gharama kubwa, lakini sijaona mwajiri akilikumbuka mwenyewe.

Msidhani mambo haya yamepita. Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa nchini: watu 66 waliugua, 15 wakafariki, na wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya, watu waliokuwa kazini.

Kazi ya tawi kabla ya mkutano ujao: andikeni majina ya kampuni zote za kandarasi zilizo ndani ya lango lenu, za ulinzi, usafi, chakula na upakiaji. Kando ya kila jina andikeni nani hulipia glavu. Panapoandikwa "mfanyakazi mwenyewe", mjumbe apeleke barua mbili siku moja, moja kwa kampuni na moja kwa mwenye mahali, na kila barua itaje Ibara ya 17 na ya 21.